Lori la Kumrudishia Baba

Lori la baba lilisimama uani kwetu Mpanda tangu alipoanguka na kupooza upande wa kulia. Lilikuwa lori la jeshi, la enzi ambazo mimi sijazaliwa, alilolinunua kwenye mnada wa magari mabovu Tabora na kuja nalo likivutwa. Kwa kuwa raia haruhusiwi kutembea na gari lenye rangi ya jeshi, alilipaka bluu kwa mkono, kwa rangi ya milango, na kila mahali bluu ilipobanduka kijani kilichungulia. Kuku walitaga kwenye bodi. Mama alianika mihogo juu ya boneti. Watu wa vyuma chakavu walikuja kulitazama wakaondoka mbio, maana baba alikuwa amebakiwa na maneno machache sana mdomoni, lakini matusi yake yote yalikuwa salama. Daktari alituambia hali hiyo ni ya kawaida kwa wagonjwa wa kiharusi. Kwa baba ilikuwa ya kawaida hata kabla ya kiharusi.

Asubuhi moja mama alikuwa akimwogesha. Maji yalikuwa ya moto kidogo kuliko alivyopenda, naye akanyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, akampiga kibao cha uso. Mama alimaliza kumwogesha, akampaka mafuta, akamvalisha, akamnywesha uji hadi kikombe kikaisha. Kisha akaja dukani kwangu sokoni, ninakouza spea, akakalia ndoo ya oili niliyoigeuza kuwa kiti cha wateja, akaniambia nimtafutie fundi wa kuliwasha lori.

Nikamuuliza kama amepata mnunuzi. Akasema hauzi. Anataka kumrudisha baba kwao.

Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo nikaacha.

Inabidi nieleze kurudishwa, kwa faida ya wale waliokulia kwenye nyumba zenye adabu. Baba alipokosana na mama hakuishia kupiga. Alipakia sanduku la mama, godoro lake na sufuria zake, akampandisha mama nyuma kwenye bodi, siyo mbele, akaendesha kutoka Mpanda mpaka Kasansa kwa wazazi wa mama. Njia inapita katikati ya hifadhi, na huko mbung'o walimla mama kwa raha zao, maana nyuma hakuna kioo cha kufunga. Alipofika kwa babu alipiga honi mpaka majirani wakatoka mashambani. Akashusha vitu, akamshusha mama, akasema maneno ambayo wanaume wa huku wanayajua: nimewaletea mtoto wenu, mfundeni upya, akielewa mtaniita. Injini hakuizima. Mama aliomba asiachwe, ameshika ubao wa bodi, mbele ya baba yake na wadogo zake, na lori likaondoka ubao ukimtoka mkononi. Baada ya wiki kadhaa baba alichoka kujipikia ugali, akamfuata. Mama akarudi. Safari hizo nilizifanya zaidi ya mara moja nikiwa nimekaa mbele kwenye kiti kizuri, kwa sababu watoto ni wa baba, na watoto hawarudishwi.

"Nataka aniombe," mama alisema pale dukani. "Neno moja tu. Akiniomba nisimwache, nageuza naye palepale, nitamwogesha mpaka Mungu amchukue. Asipoomba, abaki kwa kaka yake."

Nikamkumbusha kwamba baba hawezi kuongea.

"Kutukana anaweza," alisema.

Nilifunga duka mapema siku hiyo. Nilikuwa na furaha, nayo ilikuwa furaha halisi, na yeyote anayeona ni vibaya hakulala kwenye nyumba ile.

Fundi nilimpata kutoka Katumba, mtu wa makamo, mzee wa kanisa, ambaye babu zake walikuja wakikimbia vita Burundi. Alikuwa na mikono mizito na sauti ndogo, na alipofanya kazi aliimba tenzi bila kufungua mdomo. Yeye alielewa kwamba familia inataka kumfurahisha mgonjwa kabla hajafa. Akasema Mungu atatubariki kwa jambo hilo. Mama akajibu amina, akamletea chai.

Lori lilikuwa limeoza kwa adabu, yaani kwa nje lilionekana zima. Alipofungua kichujio cha hewa tulikuta panya na ukoo wake. Kwenye ekzosi walikaa nyigu. Dizeli iliyobaki kwenye tenki ilikuwa nzito kama uji wa ulezi uliolala, ikabidi tenki lishushwe, litiwe kokoto na mafuta ya taa, na tulitikise mimi na yeye kama watu wanaopigania mtoto. Breki zilikuwa zimeshika. Klachi ilikuwa imegandamana na kutu hata gia zikawa haziingii. Baya kuliko yote, injini yenyewe haikuzunguka. Fundi akafungua nozeli zote, akazipanga kwa mfuatano juu ya gunia safi, akamimina oili na mafuta ya taa kwenye kila tundu, akasema sasa tunasubiri. Kila asubuhi aliingiza bomba refu kwenye puli ya mbele na kulibembeleza. Halikwenda. Alisema injini iliyoshika ukiilazimisha inavunjika, na mimi nikafikiri juu ya watu ninaowajua waliolazimishwa, nikaona labda chuma ni laini kuliko wao.

Baba alikuwa anatazama akiwa kwenye kiti chake barazani. Siku ya kwanza alimtukana fundi, akamtukana na mama wa fundi. Fundi akavua kofia, akamsalimia, akaendelea. Lakini baba alipoona nozeli zimepangwa juu ya gunia alinyamaza. Kesho yake alitaka kiti kisogezwe. Keshokutwa kikasogezwa tena, mpaka akawa anakaa jirani kabisa na tairi la mbele, na fundi akawa anamwonyesha kila kitu kabla hajakifunga, kama ilivyo heshima kwa mwenye gari. Mzee, hii ilikaa hivi? Baba anatikisa kichwa. Hivi? Baba anakubali.

Halafu maneno yakaanza kurudi. "Oili." Siku nyingine, "Kaza." Mama alikuwa amehangaika miaka na miaka kumfundisha aseme maji, kwa sababu akiwa na kiu alikuwa anarusha kikombe. Alimkalisha, akamwonyesha midomo yake, akarudia kama mwalimu wa chekechea, asipate kitu. Sasa alikuwa amepita na ungo mkononi, akamsikia mume wake akisema "gasketi" neno zima, lenye meno. Akaingia jikoni. Tulimsikia akitwanga kisamvu kwa muda mrefu kuliko kisamvu kinavyohitaji.

Bomba likakubali asubuhi moja, kwa kiasi cha unene wa kucha. Fundi akashukuru Mungu. Akazungusha mbele, akarudisha nyuma, akaongeza oili, na kufikia jioni injini ilikuwa inazunguka kwa mkono. Baba alipiga paja lake zima kwa furaha. Akataka kunyolewa ndevu. Mama akamnyoa. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akipitisha wembe chini ya kidevu chake taratibu, bila kumkwaruza hata mahali pamoja. Baba akanigeukia, akafanya kwa mkono kama mtu anayeshika usukani, akaninyooshea kidole mimi, kisha akajinyooshea yeye.

"Ndiyo, baba," nilimwambia. "Tunasafiri."

Haukuwa uongo.

Tulitia betri, tukatia dizeli mpya, tukavalisha matairi niliyoyapata kwa mtu anayevunja malori. Stata ilizungusha injini vizuri lakini haikuwaka. Fundi akatoa hewa kwenye mipira ya mafuta mpaka vidole vikamvimba, na bado dizeli haikufika kwenye pampu. Akabadilisha kichujio. Akanyonya mpira kwa mdomo, akatema, akanyonya tena. Siku ya pili yake akakaa chini akasema labda pampu yenyewe imekufa, na pampu ya gari la namna ile haipatikani hapa, pengine haipatikani popote. Nikamtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, uso umemwanguka, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyokuwa amelitegemea lile dude.

Baba ndiye aliyetuokoa. Alianza kutoa sauti, akinyoosha mkono kuelekea kibini. Fundi akagusa usukani, baba akakataa. Akagusa gia, akakataa, akatukana. Akagusa kiti cha dereva, akakubali. Tukang'oa kiti, chini yake kuna bati, chini ya bati kuna koki ndogo ya mafuta ambayo baba aliifunga kwa siri zamani ili wezi wasiondoke na gari. Hakumwambia mtu, wala mimi aliyenifundisha kuendesha. Fundi akaifungua. Injini ikakohoa moshi mweupe, kuku wakaruka, ikakohoa tena, halafu ikashika na mabati ya nyumba nzima yakatetemeka. Majirani walijaa kwenye ua wa matete. Baba alilia bila kujificha, machozi yakimtoka macho yote mawili, hata lile la upande uliokufa. Fundi sasa aliimba kwa mdomo wazi.

Mama akatoka jikoni na unga mikononi. Akalitazama lori likitetemeka, akamtazama baba.

"Keshokutwa," alisema.

Fundi akauliza keshokutwa kuna nini. Mama akamwambia yote, pale pale, kwa sauti ya kawaida, kando ya ngurumo ambayo ilimzuia baba asisikie. Fundi alikaa kwenye tairi la zamani. Alisema yeye alidhani anamfurahisha mgonjwa. Mama akasema amefurahi, si unamwona. Fundi akasema kama ni lazima mzee apelekwe kwa ndugu zake, basi apelekwe polepole, hata bajaji ingemfikisha bila kumtikisa.

"Mimi sikurudishwa na bajaji," alisema mama.

Fundi hakubishana zaidi. Alikataa kuendesha. Akatuonya kwamba stata imechoka, haitawasha mara nyingi, kwa hiyo tukishaliwasha tusilizime njiani. Akakusanya spana zake, akaenda kumuaga baba kwa mikono miwili, akainama muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Baba akamwambia, "Asante." Mama alisimama karibu vya kutosha kulisikia. Katika ndoa yake yote, kabla ya ugonjwa na baada yake, hakuwahi kulipata neno hilo.

Siku yenyewe mama alimvalisha baba shati alilolipiga pasi mwenyewe, koti, na kofia yake ya safari. Akafunga sanduku lake, godoro lake, na sufuria moja. Vijana wawili wa jirani walikuja kumbeba. Baba alikuwa akicheka upande mmoja, akiwaonyesha kiti cha mbele.

"Nyuma," mama aliwaambia.

Wakampandisha na kiti chake kwenye bodi, wakakifunga kwa kamba za magunia ili asianguke. Baba akaangalia sanduku lake, akaangalia godoro lililokunjwa, akamwangalia mama anayepanda mbele na kufunga mlango. Kicheko kilimwisha. Hakuwa mjinga, na safari ya namna ile aliijua vizuri kuliko sisi sote, yeye ndiye aliyeitunga.

Mimi niliendesha. Usukani ulikuwa mzito na kibini kilijaa harufu ya dizeli na panya. Kwenye kioo cha pembeni niliona kofia yake ikipeperuka ukingo. Njia ya Sitalike siku hizi ni nzuri, lori lilikwenda bila kukohoa. Tulipokaribia kule ambako miti inaanza kusongamana na mbung'o wanafuata gari, mama alifunga kioo chake mpaka juu.

"Punguza mwendo kidogo," alisema. "Na wao wale."

Nikapunguza.

Boma la baba mkubwa liko ndani kidogo kabla ya Sitalike, kwenye mbuga waliyoihamia na ng'ombe wao walipotoka Usukumani. Nilisimama mbele ya zizi nikaacha injini inanguruma. Mama akajinyoosha juu ya mapaja yangu, akaweka kiganja kwenye honi, akaiacha ilie. Watu wakatoka kwenye nyumba, wakatoka kwenye majaruba ya mpunga, mpaka baba mkubwa naye akatoka na fimbo yake, mzee mrefu, mkavu, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Mama akashuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akamwamkia kwa Kisukuma kama mke wa ukoo anavyotakiwa kumwamkia shemeji mkubwa. Akaitikiwa. Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akapaza sauti ili ishinde injini.

"Shemeji, nimewaletea mtoto wenu. Nimekaa naye, amenishinda. Mfundeni upya. Akielewa mtaniita."

Wanawake wa pale waliziba midomo kwa khanga. Mmoja wao alicheka akashindwa kuacha, ikabidi aende nyuma ya nyumba. Baba mkubwa alidhani ni utani, akatabasamu, akangoja maneno ya kweli yafuate. Yalipokosekana akaanza kukasirika. Akasema tangu azaliwe hajaona mwanamume akirudishwa. Wenye kurudishwa ni wanawake, kwa sababu wametolewa ng'ombe.

"Kwake yeye hatukupokea ng'ombe, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Unamrudisha kwa ng'ombe zipi?"

"Ng'ombe mlizotoa kwetu zilikuwa za kunioa mimi," mama alimjibu. "Za kumlea yeye hamkutoa."

Baba mkubwa aliangalia zizi lake, nadhani akihesabu ni wangapi angedaiwa. Halafu akawaambia wanawe wamshushe. Walimteremsha na kiti chake, wakamweka kando ya bodi, sanduku upande huu, godoro upande ule. Shemeji mwingine wa mama alikwenda kutafuta mkeka bila haraka yoyote, akimtazama baba jinsi mtu anavyoutazama mzigo ulioletwa kwenye nyumba siyo. Nzi walikuwa wamekwisha kumwona. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeteleza kutoka mapajani, unaning'inia, na hakuna aliyeurudisha.

Mama aliurudisha. Akamnyoosha kola ya shati. Akamfuta mate. Akainama, sikio lake likakaribia mdomo wa baba, akabaki hivyo, na watu wote wakanyamaza, injini peke yake ikiongea. Mimi nilikuwa nimeegemea dirisha nikiwaona kwenye kioo. Nilikuwa nimeingiza gia ya kwanza, mguu umekanyaga klachi, na nilijikuta namwombea mtu niliyekuja kumtupa. Sema, mzee. Sema chochote. Sema maji. Nilijua mama angekubali hata oili, hata kaza, hata tusi, mradi lielekezwe kwake na liwe na sura ya ombi. Alikuwa na maneno sasa, fundi alikuwa amempa, na zile siku za uani alikuwa ameyatumia vizuri kabisa.

Baba alimtazama mama. Kisha akageuzia uso pembeni, akanyanyua mkono wa kushoto, akalipiga bodi la lori kwa kiganja, mara mbili.

Kila dereva anaijua ishara hiyo. Konda akigonga mara mbili, gari linaondoka. Mtu aliyenifundisha maana yake alikuwa ndiye aliyegonga, kwenye lori lile lile alilonifundishia, na mguu wangu uliachia klachi bila kuniuliza. Lori likaruka mbele. Kwenye kioo nikamwona mama akinyanyuka, akipaza mikono, halafu akikimbia nyuma ya gari na kitenge chake kizuri, ameshika pindo kwa mkono mmoja, mbele ya ukoo mzima wa mume wake. Nyuma yake baba alikuwa amekaa wima kwenye kiti. Alikuwa anacheka kwa nusu ya uso iliyomtii.

Nilikanyaga breki bila kuzima. Mama akadaka mlango, akapanda, kandambili moja ikabaki kule kule. Hakuniuliza kwa nini niliondoka. Tulifika barabara kuu, tukakunja kuelekea Mpanda, bodi tupu likipiga kelele nyuma yetu mpaka tukaanza kuona mabati ya mjini. Nikamuuliza kama nigeuze.

"Ugeuze wapi," alisema mama. "Si umemwona mwenyewe. Kanirudisha tena."